Hii D ni ya Nani?

Maabara ya shule yetu ilikuwa kabati. Lilisimama nyuma ya darasa la Kidato cha Tatu, limefungwa kufuli, na ufunguo wake niliuvaa shingoni kama msalaba. Ndani mlikuwa na chupa mbili tatu za asidi, mirija ya kioo iliyovunjika midomo, mizani moja iliyokuwa imeota kutu, na chati ya moyo wa binadamu ambayo panya walikuwa wamekwisha kula mshipa mkuu.

Nilifika hapo mwaka 1988 kufundisha biolojia na kemia. Bomet ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kericho, na shule ilikuwa ya wasichana, ya harambee, katika tarafa ya Bureti. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa walimu na wazazi wake walijitahidi kuliko nitakavyoweza kueleza, na nitakayoyasema yalikuwa hivyohivyo katika shule nyingi za aina yake. Tulikuwa katikati ya ulimwengu wa chai. Upande mmoja yalikuwa mashamba ya wakulima wadogo, ekari moja hapa na nusu pale, na kila asubuhi wenye kadi za KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, walibeba majani hadi kituo cha kununulia. Upande wa pili ilikuwa kampuni. Watu husema hivyo tu, "kampuni", iwe ni Brooke Bond au African Highlands, na miguu ya vilima yote huko ilikuwa kijani kilichonyolewa sawasawa. Wasichana wangu walitoka pande zote mbili. Kuna waliosomeshwa na bonasi ya baba, na kuna waliozaliwa kambini, mama akichuma kwa kilo tangu mapambazuko.

Ukiwauliza wanataka kuwa nani, jibu lilikuwa nesi. Sikuona ajabu. Katika maisha yao, mwanamke mwenye mshahara alikuwa mwalimu au nesi, na mwalimu walimjua mno kiasi cha kutomwonea wivu. Nesi walimwona Litein, Kaplong au Tenwek, na wa kambini walimwona katika hospitali kuu ya Brooke Bond pale Kericho: gauni jeupe, mkanda kiunoni, saa imebandikwa kifuani, na wanaume wazima wakimwitikia "ndiyo, sista".

Mimi nilikuwa pia mwalimu wa ushauri wa kazi, maana yake ni kwamba fomu zote zilipita mikononi mwangu. Kwa hiyo nilishuhudia kwa karibu mlango wa uuguzi ukibadilishwa umbo, na nani alipita, na nani alibaki nje.

Zamani mlango ulikuwa mpana. Manesi wa kwanza wa eneo letu, ambao leo ni makogo, yaani nyanya, wanaota jua vibarazani, waliingia na elimu ya msingi. Ukijua kusoma na kuandika, na mchungaji au padre akakuandikia barua ya tabia njema, hospitali ya misheni ilikuchukua na kukufundisha wodini. Baadaye kikatakiwa cheti cha Kidato cha Nne. Mwenye divisheni nzuri alikwenda kusomea diploma, na mwenye divisheni ya chini alisomea cheti na kushukuru Mungu. Wote wawili walivaa nguo nyeupe, na wazazi hawakujali tofauti.

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na mwaka 1989 ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE, ule wa kumaliza Kidato cha Nne. Divisheni zikafa. Mahali pake zikaja herufi, A hadi E, na kila herufi ina pointi zake, kumi na mbili kushuka hadi moja. Wakati huohuo neno jipya likaanza kusikika: shahada ya uuguzi. Baraton, chuo cha Waadventista kule Nandi, kilikuwa kimetangulia miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha yake mwaka 1992. Kabla ya hapo Nairobi ilikuwa ikitoa diploma ya juu kwa manesi waliokwisha kufanya kazi. Sasa msichana angeweza kutoka Kidato cha Nne moja kwa moja, akakaa chuoni miaka minne, akatoka na kofia ya mhitimu. Nilipowaeleza darasani, walinitazama kama ninayewadanganya.

Masharti, kwa jinsi yanavyosimama hadi leo, ni mafupi. Wastani wa C+ katika KCSE. Halafu C+ katika kila moja ya masomo haya: Kiingereza au Kiswahili, biolojia, kemia, na hisabati au fizikia. Basi. Kila aliyewahi kupita Kidato cha Nne anaweza kuyakariri kwa pumzi moja, na wazazi wengi wakisikia C+ hufikiri wamesikia yote. Wastani ndio unaotangazwa nyumbani na ndio unaochinjiwa kuku. Masomo yale manne ndiyo yanayofunga mlango. Na ukiyapanga kwa jinsi yalivyowaangusha wasichana wangu, kemia ilitangulia, halafu hisabati, na nyingine zikafuata kwa mbali. Kiswahili kilikuwa rafiki yetu. Kozi yenyewe husomeshwa kwa Kiingereza, lakini mlangoni Kiswahili kinatosha, na wengi kiliwaokoa.

Tatizo la kemia halikuwa akili za watoto, lilikuwa karatasi ya vitendo. Wiki chache kabla ya mtihani, baraza la mitihani humtumia mwalimu wa sayansi waraka wa siri: andaa kemikali hizi, kiasi hiki, na kila mtahiniwa awe na vifaa hivi. Shule yenye maabara husoma waraka huo na kufungua kabati. Mimi nilisoma waraka huo na kupanda matatu kwenda shule jirani ya wavulana kukopa bureti, yaani ule mrija mrefu wa kioo wenye alama na kibomba chini, ambao kwao hupimwa tone kwa tone asidi inayohitajika kubatilisha besi. Niliziegemeza magotini zimefungwa kwa leso, kondakta akinipigia kelele nisogee.

Kwa wengi wa wasichana, siku ya mtihani ndiyo siku waliyoishika bureti kwa mara ya kwanza. Alama ya sifuri iko juu, si chini kama kwenye rula, kwa hiyo walisoma kinyume. Hawakujua kupunguza mwendo wa kibomba, kwa hiyo rangi ilibadilika kwa kishindo kabla hawajaandika lolote. Nilikuwa nimewachorea ubaoni mwaka mzima. Kumfundisha mtu kemia ubaoni ni kama kumfundisha kukama ng'ombe kwa picha ya ng'ombe: ataeleza vizuri, na maziwa hutayaona.

Mwalimu mkuu, mtu mwenye busara ya kijeshi, alitaka tuingie katika mpango wa sayansi za kuchanganywa, ambapo fizikia na kemia zilikuwa somo moja, uliowekwa hasa kwa shule zisizo na vifaa. Alisema, "Mwalimu, usiwapeleke watoto vitani bila bunduki." Mimi nilishikilia kemia kamili. Tulibishana kikao baada ya kikao, chai ikipoa, na mwishowe tukabaki na kemia kwa sababu mwenzangu wa idara aliniunga mkono. Alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati, Mkisii, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, na wasichana walimpenda.

Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalifika mpakani mwa Sotik na Kisii. Sitaki kuyasimulia hapa, waliochomewa nyumba pande zote mbili bado wapo. Nitasema la shuleni tu. Mwenzangu aliondoka na begi moja, na vitabu vyake vikabaki mezani vimefunguliwa. Hakurudi. Nikabaki mwalimu wa pekee wa kemia kwa vidato vyote vinne pamoja na biolojia, na hisabati ikakaa muda bila mtu, msichana wa Kidato cha Nne akiwafundisha wa Kidato cha Kwanza.

Waliokuwa Kidato cha Pili mwaka huo ndio walioumia zaidi, kwa sababu kidato cha pili ndipo kemia inapoacha kuwa hadithi na kuanza kuwa hesabu. Miongoni mwao alikuwa binti mmoja wa kambini. Mama yake alikuwa mchumaji, na hesabu alijifunza akimhakiki mama yake: kilo zilizopimwa, bei ya kilo, makato, na kama karani ameandika sawa. Ndiyo maana hisabati haikumtisha hata ilipokosa mwalimu. Alikuwa mkimya, mrefu, na likizo za Desemba zilipokaribia nilikuwa nikimhofia kama nilivyowahofia wengi, kwa maana Desemba ndio uliokuwa mwezi wa wasichana kutahiriwa na kuozwa, na Januari madawati yalikuwa na nafasi. Yeye alirudi kila Januari. Mama yake alikuwa amesema hapana, na katika kambi hakuna aliyemzidi kauli.

Matokeo ya KCSE ya 1994 yalipotoka, alikuwa na wastani wa B-. Katika shule yetu hiyo ilikuwa sherehe. Biolojia B, Kiswahili B, Kiingereza C+, hisabati C+. Kemia D+.

Mama alikuja shuleni akiwa ametoka kazini, aproni ya plastiki ameikunja mkononi, na karatasi ya matokeo ameitia ndani ya mfuko wa sukari isilowe. Alikuwa hajui kusoma, lakini herufi alikuwa amefundishwa na bintiye. Akaiweka mezani, akapitisha kidole.

"Mwalimu, hii ni B. Hii B. Hii C, iko na msalaba. Hii D ni ya nani?"

"Ni ya kemia, mama."

"Kemia ndiyo nini?"

Nikamwambia kemia ni elimu ya vitu vinavyochanganyika, dawa zimetokana nayo, na nesi hawezi kuikwepa.

Akafikiri. "Sasa hizo dawa si ndizo anaenda kufundishwa huko hospitali?"

Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini na sijapata kusikia hoja bora dhidi ya masharti ya kujiunga. Hata hivyo nilijua haitatusaidia. Bodi ya pamoja iliyogawa nafasi za vyuo vikuu vya umma wakati huo, JAB, ilihesabu vitanda vilivyopo na kupandisha alama mpaka watu watoshe vitanda, wasichana wakipunguziwa pointi moja au mbili. Kama ingemwita kwa B- yake hatukujua kamwe, kwa sababu kwa uuguzi D ile ilikuwa imekwisha kukata shauri.

Tukaandika barua za diploma. Huko mlango ulikuwa chini kidogo, na leo Baraza la Wauguzi huomba wastani wa C, C katika biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika mojawapo ya hisabati, kemia au fizikia. Hisabati ya kilo za chai ikamvusha. Tenwek ilikuwa na shule ya uuguzi tangu 1987, na kulikuwa na vyuo vya serikali pia. Aliitwa usaili katika hospitali moja ya misheni. Aliponisimulia baadaye alisema walikuwa watatu nyuma ya meza, na wa katikati alimpa mfano wa mtoto wa kilo kumi na nne anayetakiwa kupewa dawa kwa kipimo cha kila kilo, asubuhi na jioni, akamwambia apige hesabu bila karatasi. Alijibu kabla swali halijakaa vizuri. Wakamuuliza kwa nini anataka unesi. Akasema anataka kazi ya ndani, mvua inaponyesha. Wakacheka, wakamchukua. Ada ya kwanza ilitoka katika mkopo wa sacco ambao mama alikatwa kwenye mshahara hadi binti alipokaribia kumaliza.

Kuna jambo watu hawalielewi kuhusu shule za uuguzi, na mimi nililielewa kwa kuona wazazi wakirudi wamenuna. Hospitali haiwezi kukuonea huruma. Tangu Sheria ya Wauguzi ya 1983, kila mwanafunzi anayeanza lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi na kupewa namba, na Baraza hukagua cheti chake cha sekondari. Pungufu la alama moja katika somo moja, namba haitoki, na bila namba hakuna mtihani wa leseni mwishoni. Kuna wazazi waliouza ng'ombe kumlipia mtoto mahali palipomwahidi kwamba "tutarekebisha". Hakuna kilichorekebishwa, na ng'ombe hawakurudi.

Wako wengine niliowaona baadaye, sitawasimulia wote. Kuna aliyerudia Kidato cha Nne kwa ajili ya kemia tu akapata C, ambayo haikutosha. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanaojilipia, na vingine vikafuata, wazazi wenye majani chai ya kutosha wakaanza kuniuliza kama pesa zinaweza kuziba pengo la kemia. Haziwezi. Anayejilipia huongeza nafasi ya kuitwa, masharti ya masomo ni yaleyale.

Maabara yetu ya kweli ilikuja kwa pesa za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, miaka michache baada ya sheria ya mfuko huo kupitishwa mwaka 2003. Ina bamba mlangoni lenye jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Simchukii, hata kidogo. Ina mabomba ya maji, gesi, sinki, na bureti za kumtosha kila mtahiniwa. Nilibadilisha mafundisho yangu mara moja: vitendo kila wiki kuanzia Kidato cha Kwanza, hata kama ni kupima maji ya bomba na juisi ya limau. Kabla ya wa kwanza waliopitia hapo kufika Kidato cha Nne, sikuwa nimemwona msichana wa shule yetu akiitwa moja kwa moja kusomea shahada ya uuguzi. Baada yao niliona, na tena. Walimu walikuwa walewale, uji ulikuwa uleule, na kambi zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo nina msimamo ambao huwakera baadhi ya rafiki zangu. Kila baada ya miaka michache mwanasiasa husimama mahali fulani kwetu huku na kusema masharti ya uuguzi yashushwe ili watoto wa maskini wapate nafasi. Watu hupiga makofi. Mimi sipigi. Anayenitundikia dripu namtaka ajue tofauti ya milimoli na miligramu, na ajue kwa nini potasiamu ikikimbizwa haraka mshipani moyo husimama. Hiyo ni kemia. Mtoto wa maskini alizuiwa na shule isiyo na bomba la maji. Alama iliandika tu kilichokwisha kutendeka.

Binti wa kambini alihitimu diploma mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa imefunga ajira za manesi kwa masharti ya wafadhili, akafanya kazi katika hospitali ya misheni kwa mshahara mdogo, kisha akaajiriwa na serikali. Miaka ilipopita akaamua kuufuata mlango wa pili, ule wa nesi mwenye diploma na leseni kujiendeleza hadi shahada. Alikubaliwa. Muhula wa kwanza akakutana na biokemia. Akanipigia simu, akasema, "Mwalimu, ile kitu imenifuata." Jumamosi alikuja kwangu baada ya zamu ya usiku, macho mekundu, tukaanza tangu mwanzo, asidi na besi, mezani jikoni, na safari hii nilikuwa nimeazima bureti ya shule. Alipita. Mama yake alikuwa ameshastaafu chai, na sehemu ya ile kazi yake siku hizi hufanywa na mashine.

Shahada si dhahabu, niseme ukweli huo pia. Baada ya miaka minne kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na baada ya hapo wengi hukaa nyumbani na leseni zao wakingoja kaunti itangaze nafasi. Mwaka 2017 manesi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka manesi wetu huko, na katika kijiji changu mazungumzo ya unesi siku hizi huanza na pasipoti. Lakini ndani ya Kericho yenyewe leo Chuo Kikuu cha Kabianga kinafundisha shahada hii, na msichana anaweza kuisomea akilala kwao. Nilipoanza kazi, Kabianga ilikuwa jina la sekondari ya wavulana.

Nimeandika haya sasa kwa sababu moja. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata wanaingia sekondari ya juu wakiwa wamekwisha kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi ambao kwa wasichana wangu ulifanywa na upungufu wa vifaa Kidato cha Pili, sasa unafanywa kwa fomu katika Gredi ya Tisa, na shule isiyo na maabara haina sayansi ya kweli ya kumpa mtoto. Mzazi wa Bureti, wa Konoin, wa Sotik, wa Belgut: kabla hujatia saini fomu hiyo, nenda shuleni siku ya kazi, si siku ya mkutano wa wazazi. Omba kuonyeshwa maabara. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Muulize mwanafunzi, usimuulize mwalimu, mara ya mwisho alishika bureti lini.